Mwaka Nilioupukutisha Mnektarini

Nimewaonea wivu watu wengi maishani, na sitajifanya mtakatifu hapa. Nilimwonea dada yangu kwa nywele zake, jirani kwa ng'ombe wake wa maziwa, na mwanamke mmoja wa kwaya ambaye sauti yake ilipanda bila shida pale yangu ilipokwama. Wivu wa aina hiyo huja ukapita. Lakini katika miaka ya tisini, nyumbani kwetu karibu na Lurambi, Kakamega, niliuonea wivu mti, na huo haukupita mpaka mikono yangu ilipotenda jambo.

Mti ulikuwa wa mke mwenzangu. Nieleze vizuri, mtu asije akadhani mume wangu alioa wawili. Kwetu wanawake walioolewa na ndugu huitana wake wenza, kwa sababu wote wameingia boma moja na wote wanamwita mwanamke mmoja mama. Mimi niliolewa na kifungua mimba. Yeye aliolewa na kitinda mimba, miaka saba baada yangu. Na kwa mila yetu, kitinda mimba ndiye anayebaki na mama. Wakubwa huonyeshwa sehemu yao ya shamba, wakahama wakajenga. Mdogo hukaa pale pale, na boma la mama huja kuwa lake. Niliijua mila hiyo tangu nikiwa msichana. Kuijua hakukunisaidia hata kidogo.

Maana katika ile miaka saba mimi ndiye niliyekuwa mkwe. Mimi niliisiriba nyumba ya mama mkwe kwa udongo na samadi kila mwisho wa mwaka, mimi nilimtekea maji chemchemini, mimi nilikaa naye kwenye benchi la hospitali goti lake lilipovimba likawa kama boga. Na kila asubuhi, baada ya kukamua, alivuka mtaro uliotenganisha maboma yetu akaja jikoni kwangu kunywa chai. Alikuwa na kikombe chake cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, kimebanduka rangi karibu na mkono. Kilining'inia kwenye msumari wake peke yake na hakuna mwingine aliyekigusa. Hatukuongea mengi. Alikunywa, akaniambia mvua itanyesha saa ngapi, akaenda zake. Lakini kile kikombe ukutani kiliniambia kila siku kwamba mimi ni mtu wa maana katika boma lile.

Ndipo shemeji yangu akaleta msichana. Alikuwa wa kabila letu lakini alizaliwa na kukulia Limuru, ambako baba yake alifanya kazi katika shamba la matunda la mtu. Kiluhya chake kilikuwa cha kubahatisha. Mimi nilipokuwa bibi harusi nilikosea neno moja la salamu, na mama mkwe alinirudisha mlangoni nikasalimu upya. Huyu alipokosea, mama mkwe alicheka mpaka akapangusa macho kwa ncha ya leso, akamwomba aseme tena. Nilisimama pale na sinia mkononi, nikacheka pia, na shavu likaniuma.

Msichana huyo alikuja na miche miwili, kila mmoja umepandwa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, na aliipakata usiku kucha ndani ya basi. Alisema ni nektarini. Sisi tulijua pichi, zile ndogo zenye manyoya ambazo watoto huzila mbichi kwa chumvi wakaumwa tumbo. Akasema hii ni ndugu ya pichi, ila ngozi yake ni laini kama ya nyanya, nyekundu upande unaopigwa na jua, na ukiiuma maji yanakufika kwenye kiwiko. Baba yake aliiunganisha mwenyewe kwenye mashina ya pichi. Mche mmoja akaupanda nje ya nyumba ya mama mkwe, hatua chache kutoka dirishani. Wa pili akanipa mimi.

Nilimshukuru. Nikaupanda nyuma ya zizi, kisha nikamfunga mbuzi karibu pale pale. Jioni mche ulikuwa umebaki kijiti. Nilipoulizwa nilisema kamba ilikatika, na haikuwa imekatika.

Haukupita mwezi, binti yangu wa kwanza akaja mbio jikoni.

“Kukhu anasema umpe kikombe chake,” akaniambia. Kukhu ni bibi.

Nilikitoa kwenye msumari, nikakiosha, nikakikausha, nikampa. Msumari ukabaki. Mume wangu alipendekeza tutundike chujio pale, na kwa siku mbili sikumpa jibu la jambo lolote.

Tangu hapo chai ya asubuhi ilinywewa upande wa pili wa mtaro. Nikiinama shambani niliwaona: mama mkwe kwenye kigoda akibambua maharagwe, msichana wa Limuru akichota majivu kuuzunguka mti wake, wanaongea. Waliongea! Mimi nilipewa habari za mvua miaka saba. Mama mkwe aliupenda mti ule kama mjukuu. Aliwaambia wageni kwamba hatakwenda kaburini kabla hajaionja hiyo pichi isiyo na manyoya, na kila aliposema hivyo nilijua kwamba siku atakayoionja, mambo yangu yamekwisha. Atakuwa wa yule kabisa. Mimi nitabaki mke wa yule mwingine, anayekaa ng'ambo ya mtaro.

Kwa hiyo niliomba mti usizae. Niliomba kwa maneno, nimepiga magoti, na kwa muda nilidhani ninasikilizwa. Mti ulinenepa, ukapanda ukapita paa, ukajaa majani mabichi yanayong'aa, lakini ua halikuonekana. Mwaka wa kwanza tukasema bado mchanga. Wa pili, wa tatu, majani tu. Mvua yetu mnaijua, karibu kila alasiri, na joto halituachi. Mti ulivaa majani yake Januari mpaka Desemba bila kuvua. Siku moja nilimwuliza mke mwenzangu, kwa upole wa uongo, kama huko Limuru watu hula majani. Alicheka. Hakujua kwamba nilimaanisha kumchoma, na hilo nalo liliniudhi.

Kisa cha kuku ndicho kilichonimaliza. Ilikuwa Jumapili, baada ya Krismasi. Nilichinja ingokho, jogoo wangu mwenyewe, nikampika polepole na kuni za mpera, nikasonga obusuma, ugali wetu, laini kama mama mkwe apendavyo, nikafunika kwa kitambaa, nikampa binti yangu apeleke. Sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Kukhu alikuwa ameshakula kwa mama mdogo, binti akasema, na mama mdogo alikuwa amepika dengu. Dengu! Nilikula kuku yule mwenyewe, nimesimama, na sikumbuki ladha yake.

Januari hiyo palitokea msiba Iguhu, mzee wa ukoo, na boma zima likaenda kuzika. Mimi nilisema nitabaki kuyaangalia mahindi yaliyoanikwa uani. Mama mkwe pia alibaki kwa sababu ya goti lake. Alikuwa amelala ndani, au ndivyo nilivyodhani, kwa vile mlango wake ulikuwa umefungwa na jua lilikuwa la saa saba. Sikukusudia chochote. Nilivuka mtaro kurudisha ungo. Nikajikuta nimesimama chini ya mti ule, unatoa kivuli kizuri, na kigoda cha mama mkwe kiko pale kinangoja mwenyewe.

Panga lingesikika, na mti uliokatwa hujulikana umekatwa na mtu. Lakini majani huliwa na wadudu kila mwaka. Na nilijua, au nilidhani ninajua, kwamba mti hupumua kwa majani. Ukiyaondoa yote wakati wa kiangazi unakufa wenyewe, na hakuna wa kulaumiwa. Nikalishika tawi la kwanza shinani, nikafunga ngumi, nikavuta kuelekea nchani. Majani yakatoka kwa mkupuo mmoja.

Hili la kikombe, nikasema. Hili la kuku. Hili la kicheko ulichochekewa ukiwa bibi harusi. Nilivuta tawi baada ya tawi, jasho likinitiririka, harufu chungu ya majani ikinijaa puani. Yale ya juu niliyafikia kwa kupanda kwenye kigoda cha mama mkwe. Nilipomaliza mti ulikuwa uchi kabisa, na majani yalijaza gunia. Nikaliburura mpaka kwenye migomba yangu nikalisukuma chini ya matandazo makavu, nikanawa mikono kwa majivu. Rangi ya kijani ilibaki kwenye kucha siku nzima nami nikaificha kwa kukanda unga.

Waliporudi jioni, mke mwenzangu aliuona mti kutoka njiani. Alienda akaweka kiganja kwenye shina, akakiacha pale, bado amevaa nguo zake za msibani. Watu wakakusanyika. Jirani mmoja akasema ni viwavi, hata sukuma wiki zake walizimaliza wiki iliyopita. Mimi nikadakia kwamba mwaka huu kweli wamezidi. Mama mkwe alitoka, akaangalia mti, akaangalia chini yake, kisha akauliza kama chai iko.

Nilifurahi. Nitasema ukweli, nilifurahi siku mbili nzima, nikaimba nikiosha vyombo. Siku ya tatu nilimwona mke mwenzangu akipita na ndoo karibu na mti bila kuumwagia maji, na akigeuza uso. Furaha ikapungua kidogo, lakini haikuisha.

Baada ya kama wiki nne, binti yangu aliingia akisema mti wa mama mdogo umevaa nguo. Nilienda, kwa kuwa kutokwenda kungeonekana. Ule mti niliouua ulikuwa umefunikwa maua ya waridi kuanzia chini mpaka juu, matawi hayaonekani, nyuki wanavuma. Watu waliokuwa wakipita barabarani walisimama na baiskeli zao. Mke mwenzangu alinishika mkono akaniambia, “Dada, ona,” na machozi yalikuwa yanamtoka. Niliona. Nikajifunika macho kwa leso, nikasingizia jua.

Ikaja barua kutoka kwa baba yake, naye akaisomea uani sote tukisikia. Mzee aliandika kwamba ameshukuru kusikia maua, na anaomba msamaha kwa kusahau kumwambia. Miti hii imezoea baridi. Kwenye baridi inaangusha majani yenyewe, inalala, ikiamka inachanua. Sehemu ya joto hailali, kwa hiyo mwenye mti lazima ayatoe majani yote kwa mkono wakati wa kiangazi na asiumwagilie, ili udanganyike kwamba baridi imekuja. Aliuliza ni nani huko Kakamega aliyemfundisha. Mke mwenzangu akakunja barua akasema si mtu, ni viwavi.

Matunda yakaiva mwezi wa sita. Mengine yalitobolewa na nzi, lakini yaliyobaki yalitosha, mekundu na laini kama alivyosema. La kwanza lilikuwa la mama mkwe. Aliliuma, maji yakamfika kwenye kiwiko kweli, akafumba macho. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa nimengoja siku hiyo kwa hofu miaka mingi, na sasa ilikuwa imefika, na mimi ndiye niliyeileta.

Ningevumilia hilo. Kilichonishinda kilitokea kanisani. Siku ya kutoa mavuno mke mwenzangu alipeleka kikapu cha nektarini mbele, akapewa nafasi ya kushuhudia. Akasimulia yote: mkebe wa mafuta, miaka ya majani matupu, kilio chake Januari, barua ya baba. Akamaliza kwa kusema kwamba kile alichodhani ni msiba kilikuwa baraka, na kwamba Mungu alimtumia viwavi. Kanisa zima likaitika amina. Mchungaji akasimama akawashukuru viwavi, na watu wakapiga makofi.

Nilikaa kwenye benchi nimeuma meno. Kazi ilikuwa yangu. Mabega yaliyouma wiki nzima yalikuwa yangu. Kwa miaka yote niliyoishi katika boma lile sikuwahi kupigiwa makofi kwa lolote, na siku nilipofanya jambo likafaulu, sifa wanapewa wadudu. Kufika ule wimbo wa mwisho sikuwa tena na wivu kwa mke mwenzangu. Nilikuwa na wivu kwa viwavi.

Mchana tulikula pamoja kwa mama mkwe. Mgeni mmoja, mama wa kanisa, alishika nektarini akaigeuza akasema kwamba mkono wa huyu msichana una baraka, chochote anachopanda kinazaa. Ndipo mdomo wangu ulipofunguka wenyewe.

“Hakukuwa na viwavi,” nikasema. “Ni mimi niliyatoa hayo majani. Yote. Nilitaka mti ufe.”

Watu husema kuungama huleta amani. Mimi sikuungama kwa toba, niliungama nipate changu, na nusu ya moyo wangu ilikuwa inangoja mtu aseme hongera. Hakuna aliyesema. Yule mama wa kanisa aliweka tunda mezani. Mke mwenzangu alinitazama, akainua sahani yake, akatoka nje nayo.

Mama mkwe aliendelea kutafuna mpaka akaifikia kokwa.

“Mimi nilikuona,” akasema. “Nilikuwa kwa dirisha. Ulipanda mpaka kwa kigoda changu. Nilikuwa nangoja tu useme wewe mwenyewe.”

Kesho yake asubuhi binti yangu alipewa na bibi yake kikombe cha bati aje akitundike kwenye msumari. Na mama mkwe akavuka mtaro, akaketi jikoni kwangu, akanywa chai. Alikuja siku iliyofuata pia, na iliyofuata. Mke mwenzangu hakuwa ananisemesha, na nadhani mama mkwe aliona mimi ndiye niliyebaki peke yangu zaidi. Nilikuwa nimekipata nilichokililia miaka yote ile, kiko hapo mbele yangu kwenye benchi, kinapuliza chai. Lakini aliketi ameelekeza uso mlangoni, kule mti ulipo, na hakuniambia hata habari za mvua. Miezi sita nilimmiminia chai hivyo. Sukari nilizidisha, nikapunguza, haikubadilisha kitu.

Januari ikarudi, na kiangazi chake. Asubuhi moja tuliona kupitia mlango wangu mke mwenzangu akiwa chini ya mti na kikapu. Alikuwa anayatoa majani kufuatana na ile barua. Alichuma moja, akaliweka kikapuni, akachuma lingine, kama mtu anayechuma chai na anaogopa nyapara. Mpaka adhuhuri alikuwa amemaliza tawi moja. Siku ya pili alimaliza mawili, na juu hakufika kabisa. Viganja vyangu vilikuwa vinawasha nikimtazama.

Mama mkwe aliweka kikombe chini.

“Huyu mtoto anaogopa kuuumiza,” akasema. “Mwaka huu sitakula.”

Hakuniambia niende. Alisema tu, kisha akaanza kulisugua goti lake, ambalo siku hizo lilikuwa baya. Nilimwona jinsi alivyokonda. Nikafikiri kwamba pengine hatakuwepo kwa matunda mengine baada ya haya, na kwamba mwaka jana, alipofumba macho na kuuma, sikumtazama yeye. Nilikuwa nikitazama nani atasifiwa. Nikavuka ua mpaka ukingo wa mtaro nikasimama hapo, mikono imening'inia, sijui nianze wapi.

Mke mwenzangu aliniona. Aliendelea kuchuma majani matatu, manne. Kisha, bila kugeuka, akasema maneno yake ya kwanza kwangu tangu Juni.

“Dada. Wewe ile siku ulitoa aje, ikaisha yote mchana mmoja?”

“Nilikuwa na hasira,” nikasema.

Akalitazama tawi lililokuwa mbele yake, na kikapu chake ambacho hakikufika nusu.

“Basi kuja nayo,” akasema.

Niliruka mtaro. Nilipofika alikuwa ameshanisogezea kigoda.